Jeshi la Jirani na Sanduku la Kura

Mwezi wa Julai 1979 wakuu wa nchi za Afrika walikusanyika Monrovia, na miongoni mwa mambo yaliyowatia uchungu ni lile la Tanzania kuvuka mpaka na kumng'oa Idi Amin katika kiti chake. Jaafar Nimeiri wa Sudan, aliyekuwa akimaliza zamu yake ya uenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alilaumu. Olusegun Obasanjo wa Nigeria naye akalaumu. Na hoja yao, ukiivua mapambo, ilikuwa kwamba mkataba wa umoja ule umeiharimishia dola moja kuingilia mambo ya ndani ya dola nyingine, na kwamba mwiko huo ukivunjwa mara moja hapatakuwa tena na nchi ndogo itakayolala usingizi. Aliyesimama kuitetea Tanzania ni Godfrey Binaisa, Rais wa Uganda, ambaye alikuwa hajatimiza hata mwezi mmoja tangu ashike madaraka, na ambaye bila ya jeshi la Tanzania asingekuwa na nchi ya kuizungumzia.

Mjadala ule ulikuwa mkali, na ulistahili kuwapo, lakini ulihusu kizingiti tu: je, ilikuwa halali kuingia? Ama mintarafu ya siku zinazofuata, yaani nani atakaa katika kiti kilichoachwa wazi, kwa ridhaa ya nani, kwa muda gani, na mbele ya mashahidi gani, hayakusemwa mengi, na hata leo hayasemwi mengi, ilhali hapo ndipo penye taabu yote. Niseme kwa kupita kwamba wenyeji wa mkutano ule hawakukaa sana kabla ya kuyaonja mambo hayo wao wenyewe. Rais William Tolbert aliyewakaribisha wageni aliuawa Aprili 1980 katika mapinduzi ya Samuel Doe. Na Agosti 1990 majeshi ya Afrika ya Magharibi, yakiongozwa na Nigeria ileile, yakateremka bandarini Monrovia kutafuta amani, yakakaa miaka, na mwisho wake, Julai 1997, Waliberia wakapiga kura na kumpa Charles Taylor, mwasisi wa vita vile, takriban robo tatu ya kura zote, kwa kuwa wengi wao walichelea kwamba akishindwa atarudi msituni.

Nasi Watanzania tangu mwaka ule tumeendelea kuujibu mjadala wa Monrovia kana kwamba mkutano haujafungwa. Kila ifikapo 25 Julai tunawakumbuka mashujaa wetu. Na huko Kaboya, katika wilaya ya Muleba, wamelala askari waliokufa katika vita vile, wala hapana mtu mwenye insafu atakayepita mbele ya makaburi yale akathubutu kusema kwamba walikufa bure. Rai yangu, na niiseme mapema ili msomaji ajue anazungumza na nani, ni kwamba vita vya Kagera vilikuwa vya haki, na kwamba kumfuata jabari yule hadi Kampala kulikuwa kwa haki vilevile. Lakini haki ya kumwondoa dhalimu haimpi mtu haki ya kuwa mpiga kura katika nchi ya mwenzake; na katika miezi 20 iliyopita baina ya kuanguka kwa Kampala na uchaguzi wa Desemba 1980, nchi yetu, kwa kutaka na kwa kutotaka, ilikuwa ndiyo mpiga kura mkubwa kuliko wote nchini Uganda. Sehemu hiyo ya hadithi hatuisimulii katika sherehe zetu, nayo ndiyo yenye manufaa kwa nchi yoyote inayofikiri leo kupeleka jeshi kwa jirani.

Chanzo chenyewe kinajulikana. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia katika pembe ya nchi iliyo baina ya mto Kagera na mpaka, eneo lipatalo kilomita za mraba 1,800, yakaua, yakabaka, yakaswaga ng'ombe, yakang'oa mitambo ya kiwanda cha sukari, yakalivunja daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba nchi ile imekuwa sehemu ya Uganda. Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa mapema Novemba kwa maneno ambayo mpaka leo watoto wanayajua, ya uwezo, sababu na nia. Mgambo wakaingizwa jeshini kwa makumi ya maelfu. Na kufikia Februari 1979 jeshi chini ya Meja Jenerali David Musuguri lilikuwa limekwisha kuitwaa Masaka na Mbarara. Miji hiyo miwili ilibomolewa baada ya kutekwa, kulipiza yaliyotendwa Kagera, na hapo tusijifiche: nyumba zilizolipuliwa Masaka hazikuwa za Amin. Machi wakapigana na Walibya huko Lukaya, na tarehe 11 Aprili Kampala ikawa mikononi mwao.

Waganda waliwapokea kwa vifijo na maua, wakawaita bakombozi, na kwa siku chache Kiswahili, ambacho kwa wengi wao kilikuwa kimekuwa lugha ya askari anayegonga mlango usiku, kikawa lugha ya furaha. Kisha uporaji ukaanza. Maduka ya Kampala yaliyokuwa yamekwisha kufilisika katika miaka minane ya Amin yakamalizwa kwa siku tatu au nne na raia wenyewe, na askari walioshinda vita hawakuwa na uwezo, na wengine hawakuwa na nia, ya kuwazuia. Polisi hapakuwa. Mahakama hapakuwa. Kila aliyekuwa na shida, awe mfanyabiashara aliyeporwa au mama anayemtafuta mumewe, alikwenda kwa kamanda wa Kitanzania aliye karibu. Na hapo, kabla ya waraka wowote kutiwa saini, dhima ya utawala ilikuwa imekwisha kuangukia mahali ambapo haikukusudiwa.

Mwalimu alikuwa na jawabu lake kwa waliomlaumu: kwamba vita ni viwili, vya Tanzania kumfukuza mvamizi, na vya Waganda kumwondoa mtawala wao. Hoja hii ilikuwa na heshima ya kisheria, na ndani yake mlikuwamo ukweli, walakini uwanjani vita hivyo vya pili vilikuwa vidogo mno. Wapiganaji wa Kiganda walikuwa makundi mawili makubwa, Kikosi Maalum cha wafuasi wa Milton Obote, Rais aliyepinduliwa na Amin, kilichokuwa na kina Tito Okello na David Oyite Ojok, na Fronasa ya Yoweri Museveni. Wakasonga mbele nyuma ya jeshi letu, na kila kundi likaandikisha vijana njiani, aghalabu katika sehemu ambazo lilikuwa na watu wake. Walipofika Kampala walihesabiwa kuwa jeshi moja la taifa jipya, nao walikuwa majeshi mawili yenye nyoyo mbili. Bunduki zilikuwa zimekwisha kugawanywa kabla ya mtu yeyote kuandika daftari la wapiga kura, na waliozigawa, madhali ni lazima tuseme kweli, tulikuwa sisi.

Upande wa siasa nao ulitengenezwa kwetu. Kuanzia 24 Machi 1979 wakimbizi wa Uganda walikutana Moshi, wajumbe wa vikundi zaidi ya 20, vingine vya watu wenye sifa na vingine vyenye watu wasiozidi wale waliokuja mkutanoni, na saa nyingi zikapita katika ugomvi wa nani ni mjumbe halali na nani si mjumbe. Obote hakuja, Mwalimu alimsihi akae mbali, kwa kuwa alijua jina lake linawatia hofu Wabaganda. Wakaunda umoja wao wa ukombozi, wakamweka Yusuf Lule, mtu wa elimu aliyewahi kuwa mkuu wa Makerere, awe kiongozi. Wakaunda baraza la ushauri chini ya Edward Rugumayo, na kamati ya kijeshi chini ya Paulo Muwanga. Mkutano ule ulikuwa na watu wenye akili na nia njema wengi tu, na sidhani kama palikuwa na njia bora zaidi wakati mizinga ingali inalia Uganda. Lakini hapana hata mmoja miongoni mwao aliyetumwa na kijiji, na baraza lililozaliwa pale likajichukulia uwezo wa kumsimamisha na kumwondoa Rais wa nchi ambayo watu wake wengi hawakupata kuyasikia majina ya wajumbe wake.

Lule alidumu siku 68. Akateua mawaziri bila ya kulishauri baraza, baraza likasema uteuzi ni batili bila ya idhini yake, naye akasema uwezo wa Rais ni wa Rais. Na usiku wa kuamkia 20 Juni 1979 baraza likamwondoa. Kwa mujibu wa maandishi ya Moshi baraza lilikuwa na hoja. Kwa mujibu wa watu wa Kampala, ambao hawakuyasoma maandishi hayo wala kuyapigia kura, Rais wao ameibwa. Wakajaa barabarani wakilitaja jina lake, wakafunga maduka, na waliotumwa kuwatawanya walikuwa ni walewale bakombozi waliorushiwa maua miezi miwili nyuma. Tangu asubuhi ile swali katika mji wa Kampala halikuwa tena ni nani anayependwa na watu, bali ni nani anayekubalika Dar es Salaam, na kila mwanasiasa mwenye tamaa akaanza kutafuta tiketi ya ndege ya kwenda kuonana na Mwalimu, badala ya kwenda Gulu au Mbale kuonana na wapiga kura.

Sitaki nieleweke kwamba Mwalimu alilipenda jambo hilo. Hakika yeye alikuwa mmoja wa viongozi wachache wa Afrika walioijua aibu ya jeshi la kigeni kwa kuionja. Januari 1964, askari wetu walipoasi katika kambi ya Colito, ilimlazimu kuwaomba Waingereza, waliokuwa wameshusha bendera yao Tanganyika miaka miwili tu nyuma, na tarehe 25 mwezi ule wanamaji wao wakashuka kutoka katika manowari wakawanyang'anya askari wetu silaha. Naye baadaye akaiomba Nigeria ilete kikosi kishike nafasi ya Waingereza hao mpaka tujenge jeshi jipya. Mtu aliyepitia hayo hakuhitaji kufundishwa na Nimeiri. Alitaka Waganda waamue mambo yao wenyewe, na mara nyingi alisema hivyo. Taabu ni kwamba mwenye bunduki zote mjini hawezi kujitoa katika uamuzi kwa kusema tu kwamba amejitoa.

Ushahidi wa hayo ni siku ya Binaisa. Yeye naye, mwanasheria hodari aliyewahi kuwa mwanasheria mkuu wa serikali ya Obote, alijaribu kusimama kwa miguu yake. Mei 1980 akataka kumwondoa Oyite Ojok katika unadhimu mkuu wa jeshi, na kamati ya kijeshi ya Muwanga ikamwondoa yeye. Wakati huo maelfu ya askari wa Tanzania walikuwa bado Kampala na Entebbe. Neno moja kutoka Dar es Salaam lingetosha kumrudisha; neno hilo halikutoka, kwa hoja kwamba mambo ya Waganda ni ya Waganda. Basi tazama: Juni 1979 askari wetu walitenda, na Lule akawa amekwisha; Mei 1980 hawakutenda, na Binaisa akawa amekwisha. Kutenda kwao kulikuwa hukumu, na kutotenda kwao kulikuwa hukumu vilevile, na mara zote mbili raia wa Uganda alikuwa mtazamaji. Tarehe 27 Mei, majuma mawili baada ya Binaisa kuondolewa, Obote akarudi kutoka Tanzania na kushuka katika nchi ya Bushenyi, na watu wakajumlisha mambo hayo mawili wakapata jawabu ambalo hakuna tangazo la serikali lililoweza kulifuta.

Tena liko jambo ambalo sisi wenyewe ni nadra kulitaja. Nchi iliyokuwa ikilinda safari ya Uganda kuelekea uchaguzi wa vyama vingi ilikuwa na chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Oktoba 1980, majuma machache kabla ya Waganda kupiga kura, sisi tulikwenda vituoni tukakuta mgombea urais mmoja, na kazi yetu ilikuwa kumkubali au kumkataa. Katika ubunge tulichagua baina ya jembe na nyumba, alama walizopewa wagombea wawili wa chama kilekile. Ule ulikuwa uchaguzi wenye ushindani wake, na mawaziri waliwahi kuanguka ndani yake, sikatai. Lakini kamanda kijana wa Kitanzania aliyepangiwa kulinda kituo cha kura Jinja hakupata kuona katika umri wake wakala wa chama cha upinzani akigombana na msimamizi juu ya kura iliyoharibika, na lau angemwona pengine angedhani ni mchochezi. Vyama vingi tulivirudisha kwa sheria mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo ukafanyika 1995. Jeshi letu lilikuwa limekwisha kuondoka Uganda zaidi ya miaka kumi nyuma.

Uchaguzi wenyewe ulifanyika 10 na 11 Desemba 1980, kwa viti 126 vya bunge. Vyama vilikuwa vinne: UPC ya Obote, DP ya Paul Ssemogerere, UPM ya Museveni, na Conservative Party ya Mayanja-Nkangi. Kila chama kilikuwa na sanduku lake, mpiga kura akaingia peke yake penye faragha na kutumbukiza karatasi yake katika sanduku alilolitaka; DP walidai sanduku moja kwa wote, wakahoji kwamba masanduku mengi yanarahisisha karatasi kuhamishwa, wakashindwa, lakini wakapata kwamba kura zihesabiwe palepale kituoni. Jambo hilo dogo lilikuwa na uzito kuliko hotuba zote za kampeni. Kwa kuwa kura zilihesabiwa vituoni, mawakala walijua hesabu zao. Na jioni ya siku ya pili, habari zilipokusanyika, wafuasi wa DP wakaanza kusherehekea barabarani Kampala.

Hapo Muwanga akatoa amri. Hakuna mtu, asema, atakayetangaza matokeo ya jimbo lolote ila kwa kupitia kwake, na atakayekiuka atalipa faini na kufungwa jela. Mahali pengi ulimwenguni ambapo kura zimeibwa, wizi haukuhitaji mtutu wa bunduki siku ya kupiga kura. Ulihitaji muda baina ya kuhesabu na kutangaza, na ulinzi wa muda huo. Ulipokwisha muda ule UPC walikuwa na viti vya kutosha kuunda serikali, DP wakawa wa pili, na chama cha Museveni kikapata kiti kimoja tu, yeye mwenyewe akishindwa katika jimbo lake. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola chini ya Ebenezer Debrah wa Ghana, ambao waliona kasoro nyingi na kuziandika, walisema hata hivyo kwamba kwa jumla uchaguzi ulikuwa halali. Obote akaapishwa, na Muwanga, msimamizi wa mchezo, akawa Makamu wake wa Rais na Waziri wa Ulinzi. Askari wetu walikuwapo nchini siku zote hizo. Hawakuhesabu kura, hawakubadilisha karatasi, na sijui mtu mwenye akili anayewatuhumu hivyo. Ila aliyetoa amri ile aliitoa akijua kwamba hapana wa kumzuia, na kwamba wenye uwezo wa kumzuia wamekwisha kusema hayawahusu.

Yaliyofuata ni mafupi kuyasema na marefu kuyaishi. Tarehe 6 Februari 1981 Museveni na watu wake wachache, wenye bunduki 27, walishambulia kambi ya Kabamba, na nchi ya Luwero ikawa makaburi kwa miaka mitano. Jeshi letu liliondoka kwa sehemu kubwa katikati ya mwaka huo, kwa kuwa hazina yetu ilikuwa imekauka na dukani hapakuwa na sabuni wala sukari. Obote akapinduliwa mara ya pili Julai 1985 na jenerali wake mwenyewe, Tito Okello. Museveni akaingia Kampala 26 Januari 1986, na tangu hapo amekaa. Ukomo wa vipindi vya urais ulifutwa 2005, ukomo wa umri ukafutwa 2017. Mtu anayetaka kujua kwa nini kizazi kizima cha Waganda kiliamini kwamba serikali hubadilishwa na bunduki pekee, hana haja ya kutafuta katika mila wala makabila. Aanze na siku zile za Desemba 1980.

Tumejifunza? Machi 2008, Rais Kikwete alipokuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, askari wetu pamoja na wa Sudan na wa Komoro yenyewe walishuka katika kisiwa cha Anjouan, ndugu zetu wa karibu kwa damu na kwa lugha, kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyekataa kuacha kiti. Shughuli ile ilipewa jina la demokrasia, ikamalizika kwa siku mbili, Bacar akakimbilia Mayotte kwa mashua, uchaguzi ukafanyika Juni, na askari wakarudi nyumbani. Kama kazi ya kijeshi ilikuwa safi. Lakini kilicholindwa pale ilikuwa ni katiba ya 2001, ambamo ilikubaliwa kwamba urais wa muungano utazunguka visiwa vitatu kwa zamu. Na katiba hiyo ilivunjwa Julai 2018 kwa kura ya maoni ya Rais Azali Assoumani, ili apate kuendelea. Watu wa Mutsamudu waliposhika silaha Oktoba mwaka ule, hakuna meli iliyong'oa nanga Dar es Salaam. Gavana wa kisiwa alipoivunja katiba aliletewa wanajeshi. Rais alipoivunja aliletewa salamu za pongezi.

Kwa kulinganisha, msomaji aitazame Gambia, kwa kuwa huko mambo yalikwenda kwa mpango mwingine. Mgambia hapigi kura kwa karatasi. Hupewa gololi moja, huingia faraghani, na kuitumbukiza katika pipa lenye rangi ya mgombea wake, na gololi ikianguka hugonga kengele ndani, hata msimamizi aliye nje akisikia mlio wa pili hujua kwamba pana udanganyifu. Tarehe 1 Desemba 2016 gololi hizo zilihesabiwa vituoni mbele ya mawakala, jambo lililokuwa jipya katika nchi ile, na Yahya Jammeh, baada ya miaka 22, akashindwa na Adama Barrow. Akakubali kwa simu mbele ya televisheni, kisha baada ya juma moja akageuka. Majeshi ya Afrika ya Magharibi, ya Senegal hasa, yalipovuka mpaka Januari 2017, hayakwenda kumtafutia mtu yeyote kiti; hesabu ilikuwa imekwisha kutoka, Barrow alikuwa amekwisha kuapishwa katika ubalozi wa nchi yake Dakar, na Jammeh akapanda ndege 21 Januari. Jeshi lilikuja kama askari wa mahakama anayetekeleza hukumu iliyokwisha kuandikwa na hakimu.

Nisiipambe Gambia kupita kiasi. Askari wa kigeni wamekaa huko miaka mingi kuliko walivyosema, huko Kanilai waliwahi kumwua mwandamanaji, Barrow aliahidi kukaa miaka mitatu akakaa mitano na kugombea tena, na rasimu ya katiba mpya ikazamishwa bungeni Septemba 2020. Lakini mwaka 2021 Wagambia walikwenda tena na gololi zao, na hakuna aliyeuliza Dakar inamtaka nani. Uganda ya 1979 haikuwa na bahati hiyo; kura ya mwisho ilikuwa ya 1962, Amin alikuwa ameua mahakimu na wanasiasa, wala hapakuwa na hesabu yoyote ya kulindwa. Ndiyo maana sisemi tungaliweza kuifanya Uganda kuwa Gambia. Ninachosema ni kwamba tuliweza kuhesabu kutangaza matokeo kuwa sehemu ya ulinzi, kama tulivyohesabu madaraja na uwanja wa ndege wa Entebbe, tukaona si kazi ya jeshi.

Sheria ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2000 imelimaliza lile swali la Monrovia: katika kifungu cha 4 imeupa umoja haki ya kuingia katika nchi mwanachama penye mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Juu ya siku inayofuata haikusema. Jeshi letu limekwenda Kongo, limekwenda Msumbiji, na bila shaka litakwenda kwingine, kwa kuwa jirani akiungua moshi wake hauombi pasi. Siku Waziri wa Ulinzi atakaposimama Dodoma kueleza safari nyingine ya namna hiyo, wabunge wasitosheke kuuliza idadi ya vikosi na gharama za posho. Wamwulize ni nani atakayeandika daftari la wapiga kura wa nchi hiyo, kura zitahesabiwa wapi, na hesabu ya kila kituo itabandikwa mlangoni kabla ya kupelekwa mjini au la. Wamwulize askari wetu watafanya nini mtu akitoa amri kama ya Muwanga, na tarehe ya kurudi ni ipi. Asipokuwa na majibu ya maandishi, bajeti ya wizara yake hupita mikononi mwao kila mwaka.